Wati Elfu Moja na Wati Sitini

Jumanne, 3 Agosti 1999
Mama amekiri leo. Hasikii tena kaseti ya baba. Tangu Pasaka anakaa mbele ya redio anatabasamu — kumbe anaigiza, nisihuzunike. Baba aliirekodi Mwanza badala ya barua, mwaka mmoja kabla hajafa. Ndiyo sauti yake pekee tuliyorudi nayo kutoka Tanzania. Nitanunua spika.

Alhamisi, 5 Agosti
Nimevuka mpaka hadi Goma baada ya kazi. Spika aina mbili, nikapewa karatasi zake. Kubwa: wati elfu moja. Ndogo: wati sitini. Nimeshaamua — kubwa. Ila nimpitie kwanza mzee Sebahire, fundi redio wa hapa Nengo.

Ijumaa, 6 Agosti
Nimeona aibu kidogo. Sebahire alizisoma karatasi kama daktari asomavyo picha ya kifua. Akauliza amplifaya ya redio yetu ina wati ngapi. Ishirini.
"Bon. Sasa Shyaka, ile elfu utaitoa wapi?"
Wati hizo, anasema, ni kiasi inachovumilia spika, si sauti itakayotoa. Akaweka kidole kwenye desibeli, kipimo cha sauti inayotoka kwa kila wati: ndogo 91, kubwa 85. Kwa amplifaya ileile, ndogo ndiyo itasikika zaidi. Tena kubwa inadai kutoa kila mlio, wa chini kabisa hadi wa juu kabisa, bila kusema inafifia wapi. Ndogo inataja mipaka yake.
"Hii iko inajisifu. Hii ingine iko inasema kweli. Lakini karatasi haina masikio. Mama mwenyewe asikie."
Kesho tunakwenda Goma, mimi na yeye. Sikumwomba.

Jumamosi, 7 Agosti
Tumezibeba zile ndogo mbili, mimi na Sebahire, kila mtu moja. Vumbi tupu. Yake aliifunika kwa koti lake.

Jumapili, 8 Agosti
Baada ya misa Sebahire amefunga nyaya. Mama alifumba macho, akaanza kurudia maneno ya baba, neno kwa neno.
Kisha mzee akageuza kaseti. Nikamwambia upande huo ni mtupu, miaka yote ni mvumo tu. Mama akainua mkono ninyamaze. Sauti ya baba — chini sana, kama mtu asiyetaka kuamsha wenye nyumba, akimwita mama kwa jina: "Kabatesi, hii sikiliza ukiwa peke yako."
Sebahire alichukua kofia yake, akanishika mkono tukatoka. Mungu ambariki mzee huyu.
Naandika barazani. Mlango umefungwa. Mama yuko ndani, anamjibu.