Milango Aliyoing'oa Kaka Yako

Wifi yangu mpendwa,

Huku tu wazima. Bomba la jikoni bado linavuja, na kaka yako, seremala wa watu, anatengeneza meza za wenzake huku yetu ikiyumba.

Tangu mwanangu alipomgusa binti yako pasipofaa, tunakwenda ofisi ya ustawi wa jamii kila wiki. Mshauri wa pale huzungumza na mtoto, kisha na sisi, na hajamwita jina baya hata mara moja. Mwanzoni alituambia watoto wasijifungie wakicheza. Kaka yako akarudi nyumbani akang'oa milango yote, hadi wa choo! Mshauri alipokuja kututembelea alicheka kwanza, kisha akasema, "Baba, mtoto hawezi kujifunza kuheshimu mlango usiokuwepo. Irudishe, umfundishe kupiga hodi na kungoja."

Sasa mtoto anapiga hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Usipomjibu, anaondoka.

Uliponipigia simu siku ile kuniambia alichofanya mwanangu, nilikujibu kwamba huo ni utoto tu. Neno hilo ninalijutia mpaka leo.

Jana aliniuliza, "Mama, nikipiga hodi kwa shangazi, wataniambia karibu?" Nikamwambia wa kujibu ni binti yako peke yake, na akinyamaza, hilo nalo ni jibu.

Basi barua hii si hodi, wifi. Nataka tu ujue kwamba tumejifunza kusimama nje.

Ni mimi, mke wa kaka yako.