Video ya Dorcelle

Chola, sikia ya Paluku wetu wa Naviundu.

Vita ilifika Pweto. Muke yake Dorcelle, ule alienda kule kutafuta samaki, akamutumia video. Ikazunguka. Ikazunguka, haifunguke! Paluku anapiga kelele: «Affiche ya kampuni ya telefone inasema 4G, megabits makumi tano mu seconde!»

Mudogo yake Lévi akamujibu: «Ni za antenne yote, tunazigawana, yaya. Leo quartier muzima iko juu yake, kila muntu anatafuta ba kwabo.» Lévi ni shofere; akapanda camion yake, akaenda kumuleta Dorcelle.

Kisha video ikafunguka: «Lévi asikuye, banaua bashofere mu njia!»

Maneno sita, Chola. Maneno sita! Angeandika tu, yangepita. Lakini Paluku njo alimukatazaga kuandika: «Tuko na 4G, nionyeshe sura.»

Sura tumeiona. Telefone ya Lévi inalia tu.