Posa Niliyokataa Ikataliwe

Dada Konsesa,

Nakusalimu kutoka Gitega, ambako baridi inang'ata masikio na mishikaki ya mbuzi inayaponya.

Leo kundi la maigizo limenipima. Nikishindwa, narudi Muyinga kuuza nyanya. Wakanipa niigize msemaji wa upande wa mvulana kwenye posa. Mi nikacheka! Si ndiyo kazi yangu huko kwetu kila wakioana watu? Karatasi zao za mchezo sikuzimaliza, unajua mimi na kusoma.

Baba wa binti akakataa. Mimi, msemaji bingwa wa Muyinga, niondoke mikono mitupu? Nikamsifia kijana, nikawasifia ng'ombe wa mzee, nikaahidi mtungi wa pili wa bia ya ndizi. Mzee akaangalia karatasi zake, akaniangalia, akasema, "Basi, mchukueni!"

Mama anayeongoza mchezo akaruka. "We bwana! Imeandikwa anakataa, nanyi mnaondoka mkilia! Sasa binti ameolewa ukurasa wa pili, kurasa nane zilizobaki nizifanyie nini?"

Nikajiona nimesharudi kwenye nyanya. "Nisamehe, mama. Sijawahi kurudi bila bibi harusi."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Kesho uje. Ila utakuwa baba wa binti, ukatae wewe."

Niombee, dada. Kuomba najua kuliko Burundi nzima, lakini kumkatalia mtu, mama hakutufundisha. Wakumbatie watoto, na Mungu akuponyeshe huo mgongo unaokuuma.

Nduguyo, nyota ya Gitega,
Deo