Meneja Anaongea Kifundi

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya duka la magodoro.
Jumatano, tarehe 9, mwezi wa saba.

Mpendwa binti yangu,

Marahaba! Nimeitikia kabisa, maana najua ukiifungua tu barua hii utanipa shikamoo, na mimi sipendi salamu isimame mlangoni bila kukaribishwa.

Hujambo wewe? Mgongo umepoa? Huko kiwandani bado mnasimama kutwa kama nguzo? Waambie baba yako ni fundi wa makochi, si fundi wa kubahatisha. Nikija huko nikawatengenezea viti, kiwanda kitafungwa, maana hakuna atakayeinuka. Kile kiti cha hakimu si unakikumbuka? Alisinzia katikati ya kesi, mshitakiwa akaenda kwake kula, akarudi, akamkuta bado anakoroma. Watu wanasema naongeza chumvi. Waulize wao, mshitakiwa alirudi au hakurudi?

Sisi hatujambo. Mimi mzima, goti tu linalia kama bawaba kavu. Mwanao Meneja mzima, anakula, anakimbia, meno ya nyuma yameshatoka. Bado anakagua kila kochi kabla mwenyewe hajalichukua. Analikalia, analirukia, akiridhika anashuka. Asiporidhika hashuki, na mteja anasubiri. Jina lile limemganda sasa, hata mimi nasahau lake la kweli.

Barua hii nimeikalia na kuinuka tangu asubuhi. Nimefagia karakana iliyokwisha kufagiwa. Nimepanga nyundo, nimezipangua. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu nitaanza utani, wewe utacheka, na jambo litapita chini ya meza.

Jambo lenyewe ni hili. Shangazi yako amenieleza mlivyopanga, kwamba mwisho wa mwezi aje amchukue Meneja, akae kwake kwanza, kisha aende ile shule ya bweni ya watoto wasiosema. Kasema ulikubali huku unalia. Sikulaumu, mwanangu. Umeambiwa mtoto ana miaka miwili na nusu na hana neno, na hilo ni kweli. Ni "mm" na "mm-mm", basi.

Shangazi yako nampenda, ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Ila akiona moshi hutangaza mji umeungua. Nilimwambia, "Dada, huyu atasema siku akiwa na la kusema." Akanijibu, "Ana la kusema kitambo, hajapata nafasi tu. Kwako nani amewahi kupata nafasi?" Siku ile nilicheka. Siku hizi nikikumbuka sicheki sana.

Basi nikampeleka kliniki, bila kumwambia mtu. Tulimkuta nesi mmoja mtaratibu, hana haraka kabisa, mpaka nikaanza kuchezesha mguu. Akagonga kijiko nyuma ya kisogo cha Meneja. Meneja akageuka kama askari. Akaficha mpira chini ya kikombe kimoja kati ya vitatu, Meneja akakipindua kikombe chenyewe, hakuhangaika na vingine, mpira ukabingirikia chini ya meza. Nesi akasema masikio mazima, na akili inachemka. Nikamwambia, "Akili hiyo ya kwetu, hatununui."

Kisha akamuuliza, "Haya, mpira uko wapi?"

"Huo hapo chini ya meza!" nikasema.

Nesi akanitazama. Akauliza tena, "Na kiatu chako kiko wapi?"

"Si hicho ulichovaa, Meneja! Mwonyeshe nesi."

"Babu," nesi akasema, "wewe umeshafaulu. Naomba sasa nimpe mtihani mwenzako."

Nilifunga mdomo, ingawa uliwasha. Nesi akauliza, akanyamaza, akamtazama mtoto usoni. Kimya kikakaa pale mpaka nikatamani kukisukuma. Mwisho Meneja akabana midomo, akainua kidevu kuelekea kiatu, akasema, "Mm." Nesi akakunja uso. "Mbona anabana midomo hivi? Kama ana kitu ndani anaogopa kisidondoke."

Sikuwa na jibu. Liandike mahali hilo, halijawahi kutokea.

Jibu nilikuja kulipata hapa hapa karakana. Kuna mwanamama ananishonea vitambaa vya makochi, tunamwita Mama Cherehani, mashine yake iko mlangoni. Mimi nilikuwa kazini, misumari midogo imejaa mdomoni, kama unavyonijua tangu ukiwa mdogo: ulimi unautoa mmoja, mkono unaudaka, nyundo inaupiga. Hapana fundi aliyenishinda kwa kasi hiyo. Sasa kwa mdomo ule nikitaka Meneja aniletee gunia, ninainua kidevu, "mm". Akikosea, "mm-mm". Akipatia, "mmmh!" na furaha yake unaiona.

Mara Mama Cherehani akasimamisha mashine. "Mzee, hebu mtazame bosi wako."

Meneja alikuwa amechuchumaa nyuma ya kigoda chake kibovu. Anachukua misumari ya hewani, anaipanga mdomoni mmoja mmoja, anabana midomo, anapiga kwa kijiko. Akaniona. Akainua kidevu kuelekea gunia. "Mm."

Mama Cherehani alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu bubu? Huyu anaongea kifundi! Lugha yako hiyo, mzee, na umemfundisha vizuri, hana hata lafudhi!"

Hebu fikiria, mwanangu. Tangu umwache kwangu anatambaa, mchana kutwa yuko na mimi, na mchana kutwa mdomo wangu una misumari. Jioni naitema, ndipo bomba linapasuka. Naanza hadithi mlangoni, naimaliza kitandani. Najiuliza mwenyewe, najijibu mwenyewe, najicheka mwenyewe. Mtoto aingilie wapi? Mchana hakuna neno, jioni hakuna nafasi.

Ningeishia hapa ungecheka na ukalala vizuri. Lakini kuna jingine. Shangazi yako halijui, na heri ulisikie kwangu kuliko kwa mtu.

Pamoja na kuyajua hayo yote, sikuacha kuweka misumari mdomoni. Nilijiambia nitaanza kesho. Mazoea, mwanangu. Wiki ile ile nikageuka kuchukua mkasi, nikaona kitu kinang'aa katikati ya midomo ya Meneja. Msumari. Si wa hewani. Sanduku nalifunga siku zote, ila mmoja ulikuwa umedondoka chini ya kochi, na yeye ndiye mkaguzi.

Nikipiga kelele atashtuka, atavuta pumzi, ataumeza. Nikimrukia atadhani mchezo, atakimbia nao. Na hata ningetaka kusema, nisingeweza, mdomo wangu mwenyewe umejaa!

Nikapiga magoti, goti lile bovu, nikawa sawa na uso wake. Nikamtazama machoni. Nikakinga kiganja chini ya kidevu changu, nikatoa msumari mmoja, taratibu. Nikatoa wa pili. Nikaitoa yote, nikaachama, nikatoa ulimi nje. "Aaa." Kisha nikangoja. Nimewahi kungoja mengi, mwanangu, hata kuzaliwa kwako, na ulichelewa. Sijawahi kungoja kama vile.

Meneja akanitazama mdomo. Akanitazama kiganja. Akakinga kijiganja chake chini ya kidevu, akaudondosha. Akaachama, ulimi nje. "Aaa."

"Toa," nikamwambia. "Toa, mama. Toa yote." Nikamkumbatia nikirudia neno hilo hilo kama mwehu. Mama Cherehani alikuwa amekaa chini sakafuni, kitambaa kimemfunika.

Tangu hapo msumari haujaingia mdomoni mwangu. Nimefunga kopo kiunoni, misumari naichomoa humo. Kila jioni napitisha sumaku sakafuni, mpaka kwenye pembe. Kazi imekuwa ya kobe. Nimejigonga kidole gumba, mimi! Wateja wananiuliza kama naumwa, na mmoja alinisogezea maji.

Nilirudi kwa nesi nikamweleza yote, pamoja na msumari. Hakunigombeza, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Alisema mtoto hujifunza maneno kwa zamu, kama watu wanaorushiana mpira. Mtazame, sema, nyamaza, ngoja. Akirusha chochote, jicho, kidole, "mm", kidake umrudishie na neno lake. Basi ndiyo kazi yangu mpya. Kungoja neno la mtoto ni kama kungoja gundi ikauke, ukiigusa mapema umeharibu. Nami kwa asili yangu ni mguse-guse. Nakaa juu ya mikono yangu ili nisimjibie.

Juzi akaja bwana mmoja, tumbo limemtangulia, kuchukua kochi lake, njiti ya meno mdomoni. Meneja akashuka kwenye kochi, akamfuata mpaka miguuni, akanyoosha kiganja, akafungua mdomo wazi kabisa: "Toa!"

Yule bwana akaitoa. Tena akaomba samahani. Mama Cherehani alitoka nje kwenda kulia, akasema vumbi la sponji.

Sikudanganyi kwamba mambo yamekwisha. Neno ni hilo moja, na analibandika kila mahali. Viatu, toa. Maji, toa. Mimi nikikalia kiti anachokitaka, toa. Mchana mwingi bado ni "mm". Nesi hakuahidi kitu. Alisema tumrudishe baada ya miezi michache, na kama bado anasuasua, wapo wataalamu wa kufundisha kusema, na mtoto anakwenda na kurudi nyumbani. Ile shule ya bweni kumbe ni ya watoto wasiosikia, nao wana haki yao. Huyu anasikia mpaka sindano ikidondoka.

Nyumba ya shangazi yako ni safi kuliko karakana yangu, hilo sibishi. Lakini Meneja anasoma uso wa aliye mbele yake, na uso aliousoma mpaka sasa ni wangu, pamoja na makosa yake. Mimi nimeujua wake pia. Akiinua kidevu kidogo, njaa. Akikiinua kwa upande, choo, tena upesi. Nani ataanza kuyajua hayo upya huko bwenini?

Lakini wewe ndiye mama. Ukisema kwamba kwa sababu ya ule msumari humwamini tena baba yako, nitamfungashia nguo zake mwenyewe. Nitanuna, lakini nitazifunga vizuri.

Ninalokuomba ni moja. Kabla hujampa shangazi yako jibu la mwisho, piga simu ya picha Jumapili, mchana akishaamka. Najua ukipiga huwa nainyakua nakumalizia muda wote kwa porojo. Jumapili sitasema kitu. Nitamshikia tu simu. Mwite, mwambie neno moja, lolote, halafu unyamaze umtazame. Atabana midomo kwanza. Usimsaidie, usimjibie, usijaze. Kutakuwa kimya, na kwa mama aliye mbali kimya kile kitakuwa kirefu, najua. Usidhani mtandao umekatika. Usikate, mwanangu. Ni zamu yake hiyo, anaitafuta.

Msalimie sana mwenzio mnayekaa naye chumba kimoja, na binamu yako dereva mwambie kochi la harusi yake nalimalizia, asiwahi kuachika kabla sijamaliza. Mama Cherehani anakusalimu, kaka yako pia. Shangazi yako naye angekusalimu kama angejua naandika.

Mungu aitunze miguu yako huko unakosimama, akupe riziki isiyo na masimango, na akurudishe kwetu salama.

Akupendaye kuliko anavyoweza kusema,
Baba yako.