Cherehani Kimevuka Mpaka

Jumatatu, 9 Juni 2025

Narudi sokoni na vitambaa vya sare, namkuta Fauzia kakaa ndani. Ndiye dada wa familia wa kikundi chetu cha mkopo — anapita majumbani kuona watoto wanakula nini, wazazi wanaelewana vipi. Leo alitaka kuona cherehani nilichokopeshwa. Hakipo! Meza tupu! Hata godoro halipo. Mama mkwe anatazama dari.

Akauliza kama mume wangu Rubeni kakiuza akatafutie dhahabu Saza. Yule hajarudi tangu Pasaka! Ijumaa kikundi kinakaa. Wakiamini kimeuzwa, natolewa, na mwanangu Tumaini anatolewa kwenye kituo cha watoto cha kikundi. Fauzia kasema haya kwa upole. Upole wake umeniudhi kuliko matusi.

Jumanne, 10 Juni

Mama mkwe kasema. Jana asubuhi alimwona Fauzia kwa majirani, kitambulisho shingoni, akadhani kausha damu wamefika — wakopeshaji kama wale waliomng'olea bati kule Itaka. Godoro kalificha kwa jirani. Cherehani kwa dada yake, Nakonde. Zambia! Eti huko hawafiki.

Nilitaka kupiga kelele. Nikameza. Ila nimekasirika, tena sana.

Jirani ananishauri nimwite Rubeni aniombee msamaha, mwanaume husikilizwa. Thubutu! Nimekopa mimi, nitasema mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekifuata Nakonde. Wakati wa kurudi, forodha: risiti iko wapi? Iko kwa kikundi. Basi kimebaki kwao mpaka niilete. Na kikundi hakimpi risiti mtu mwenye kesi. Mguu mmoja huku, mmoja kule!

Ijumaa, 13 Juni

Nimempigia Fauzia. Kikaoni siji. Njooni nyinyi mpakani, na risiti, mkione kwa macho yenu. Kikundi kizima! Eti atawauliza.

Naandika nimekaa nje ya forodha, juu ya jiwe. Dereva wa lori la Zambia kaniita mayo, yaani mama kwa kwao, eti nisogee. Nimemwambia apite pembeni. Sitoki hapa bila cherehani changu.

Mama mkwe kaja, Tumaini mgongoni. Nilimkataza! Katandika kitenge kando yangu, kakaa.

Wanakuja — Fauzia mbele, kina mama nyuma yake. Risiti siioni. Mama kakiona kile kitambulisho. Nikadhani atakimbia. Kanipakatisha mtoto, kasimama, huyo anamfuata Fauzia. Namsikia mpaka hapa:

"Nilikificha mimi. Niandike mimi."