Vikombe vya Matanga

Wambui, mjukuu wangu,

Kwani huko Naivasha walifunga barabara? Tangu Krismasi ile nyingine sijaona hata kivuli chako. Mimi na magoti yangu nimefika Lanet kwa mdogo wangu Njeri. Ndiye ananiandikia kadi hii, maana alisoma mimi nikichunga mbuzi.

Daktari aliwaambia watoto wa Njeri kwamba mama yao hatamaliza mwaka. Yeye hawakumwambia. Walipaka tu nyumba rangi, wakamwaga changarawe ya murram hadi getini, wakajenga choo cha milango minne. Miaka yote aliyoteleza kwenye matope, murram ilikuwa haijavumbuliwa! Njeri si mjinga. Alikiangalia hicho choo akaniuliza, "Sasa mimi peke yangu nitaingia mlango gani?"

Kisha akafungua katoni waliyoificha stoo, vikombe vipya vya matanga. Mke wa mwanawe akapiga kelele, "Mum, hizo ni za wageni!"

"Na mimi mwenye sherehe nitakunywa na nini?"

Tulikunywa chai kwa vikombe hivyo hivyo, tukacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akanishika mkono, na hakuuachilia mpaka chai ikapoa.

Mimi pia nitakufa, Wambui, usijifanye umeshtuka. Nakupenda hata na huo uvivu wako. Mungu akutunze. Njeri anasema kadi imejaa, kwa hivyo sikia: ukija, wacha rangi dukani. Beba mkate na sukari, na uje nikiwa bado nakufungulia geti mwenyewe.

Shosho wako