Mama Hasindikizi Mtu wa Nyumbani

S.L.P. 47,
Elburgon.
18 Agosti 2024

Mpendwa Khisa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku kwenye baridi. Joto la Doha linakutendeaje? Mgongo umepona? Sisi tu wazima, na Mama anakuombea kila siku.

Presha yake imeshuka. Nafurahi, lakini nina wivu, Khisa, na wewe ndiwe wa kuambiwa.

Unakumbuka kliniki walimwambia atembee kila siku, akakataa katakata. "Nitembee nikienda wapi? Watu watasema mama Nasimiyu ameanza kurukwa na akili." Kisha mama mmoja, Chepkirui, akahamia ng'ambo ya reli. Akija kutusalimu, Mama humsindikiza mpaka kiwanda cha mbao. Wakifika mazungumzo hayajaisha, kwa hivyo Chepkirui naye humrudisha Mama hadi langoni petu. Mama haoni vyema mgeni aende peke yake, basi wanaondoka tena. Kila jioni ni hivyo mpaka giza liwafukuze.

Huko njiani Mama anamsimulia mambo ya Baba ambayo mimi mtoto wake sijawahi kusikia. Na juzi nesi alimsifu Chepkirui. Mimi ninayepika mboga ya sukuma wiki bila chumvi na kumpa Mama dawa mkononi, hata asante sikupata. Iliniuma sana. Nilipoomba twende sote, Mama alinishangaa: "Wewe nitakusindikiza aje na unalala hapa?"

Jana Chepkirui alikuwa amesafiri Keringet kuchimba viazi. Mama alishinda ameketi akitazama lango. Nikavaa koti la kanisani, nikachukua mkoba, nikatokea mlango wa nyuma na kupiga hodi mbele.

Mama alinitazama kutoka juu hadi chini. Hakucheka. Alinikaribisha, akapika chai, akaniuliza habari za kwetu. Nilipoaga, alijitanda shuka lake akasema, "Wacha nikusindikize."

Pale kiwandani alinionyesha mahali alipokuwa akimngojea Baba atoke kazini, akiwa amenibeba mgongoni. Kisha akanipa mkono, akaniambia niwasalimu watu wa kwetu. Nikamjibu kwamba siwezi kumwacha arudi peke yake.

Chepkirui anarudi Alhamisi. Mkoba nimeuacha karibu na mlango.

Shangazi Nakhumicha anakusalimu. Nisalimie binamu yetu Levis unayekaa naye. Mungu awalinde kazini na awarudishe nyumbani mkiwa wazima.

Dada yako akupendaye,
Nasimiyu